Ami aliyenilea anataka nisaini orodha ya mishahara isiyo ya kweli

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu, maana Tanga ni mji mdogo na habari hazilali. Nina miaka 31, sijaolewa, na ni mhasibu katika gereji ya ami yangu iliyoko njia ya Pongwe. Tunatengeneza mabodi ya malori na matela. Wateja wetu wengi ni wenye magari ya kubeba saruji na chokaa. Wafanyakazi wote, mimi nikiwemo, tuko 14.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Ami ndiye aliyetuchukua mimi, mama na mdogo wangu, akatuweka kwenye nyumba yake ya Makorora. Mama anaishi humo mpaka leo na hajawahi kuulizwa kodi ya pango. Ada ya sekondari alilipa ami, ya chuo alilipa ami, na hata nilipokosa kazi baada ya stashahada yangu ya uhasibu, ndiye aliyenipeleka kwa rafiki yake Muheza nikaanza kazi. Hajawahi kunisimanga hata siku moja. Nakueleza haya ili ujue ninamzungumzia mtu wa namna gani.

Zamani vitabu vya gereji vilishikwa na mhasibu aliyekuja mara moja kwa mwezi. Mwishoni mwa mwaka jana aliacha, ami akaniomba nirudi Tanga nishike mimi. Nilifurahi. Nikasema sasa na mimi nitarudisha kidogo.

Nilipoanza kupanga mafaili nikaona vitu viwili havifanani. Nitakupa mfano wa mtu mmoja. Tuna fundi wa kuchomelea, mzee wetu tunayemwita Babu Fundi. Mshahara wake ni Sh620,000. Salari slipu yake inaonyesha kila mwezi anakatwa mchango wa pensheni wa NSSF Sh62,000 na kodi ya mshahara, PAYE, Sh27,600, na hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Lakini kwenye ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwezi, iliyopelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mshahara wake umeandikwa Sh300,000. Ukitoa mchango wa NSSF wa 30,000 inabaki 270,000, yaani pale pale ambapo PAYE haijaanza kukatwa. Kwa hiyo TRA hawakupelekewa hata senti kwa jina lake, na NSSF walipelekewa mchango wa mshahara wa 300,000. Kilichokatwa na hakikufika ni Sh59,600 kwa mwezi, kwa mtu mmoja.

Halafu majina kwenye ritani ni 8, siyo 14. Nilipouliza, niliambiwa tukifika 10 kampuni itadaiwa SDL, ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi anayolipa mwajiri. Tena kuna miezi ya mwaka jana ambayo ritani haikupelekwa kabisa, na mingine ilipelekwa imechelewa sana.

Nilikuwa bado natafuta namna ya kumwambia ami, ikaja barua ya TRA. Wanataka kumbukumbu za mishahara ya miaka miwili. Ami alinyamaza siku nzima. Jioni akaniita ofisini, akasema tutaandika orodha mpya ya mishahara ya miaka hiyo miwili: kila fundi mshahara wake 300,000, kinachozidi tukiite posho, na wale sita tuwaandike vibarua wa siku. Mafundi watasaini, akasema, wananiheshimu. Na wewe utasaini pale chini kama mhasibu.

Nikamwambia, “Ami, naomba muda kidogo.” Hakukasirika. Alisema, “Mwanangu, sikuiba. Wateja wakubwa wananilipa baada ya miezi mitatu, minne. Mishahara ya watu siwezi kuichelewesha. Ningefanyaje?” Na ni kweli, Shangazi, mafundi hawajawahi kukosa mshahara wao. Kisha akaongeza, “Hii gereji ikifungwa, nani atamtazama mama yako?”

Mama nimemweleza nusu tu. Aliniambia usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na kwamba mambo ya serikali yanapita lakini ukoo haupiti.

Wiki iliyopita Babu Fundi alinifuata kwenye meza yangu. Mwakani anatimiza miaka 60. Aliniomba nimsaidie kuangalia michango yake ya NSSF imefikia wapi, kwa sababu anataka kumalizia nyumba yake Amboni. Nikamwambia nitaangalia. Sijaangalia, kwa sababu najua nitakachokikuta.

Naona nina njia mbili tu. Nisaini, nimwokoe ami, nibebe mzigo huo moyoni. Au nikatae, gereji ifungwe kwa faini, mama atoke Makorora, na mimi niitwe mtovu wa fadhila na ukoo mzima. Kuna usiku nafikiria kwenda mwenyewe TRA niwaambie kila kitu, na kuna usiku nafikiria kupanda basi nirudi Muheza. Siku za kujibu ile barua zinakwisha. Nishauri.

Msomaji, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma polepole. Kilichonigusa kwanza ni kwamba umemtetea ami wako kuliko ulivyojitetea mwenyewe. Umenieleza wema wake kabla ya kunieleza jambo lenyewe, na hata pale uliponiambia alichokuomba, ulihakikisha nasikia na sababu zake. Mtu wa namna hiyo si mtovu wa fadhila, na ningependa tuliondoe neno hilo mapema ili tuzungumze vizuri.

Kama nimekuelewa, unaombwa kuweka saini yako kwenye kumbukumbu za miaka miwili ambayo hukuwepo, zikisema jambo unalojua si kweli. Anayeomba ni mtu aliyekuwa baba kwako. Pembeni amesimama mzee ambaye uzee wake unategemea karatasi hizo hizo. Wewe umeiita hii shida ya kodi. Mimi naona yamefungwa mambo matatu katika kitambaa kimoja, na uzito wake haulingani.

La kwanza ni kuchelewa. PAYE ya kila mwezi inatakiwa ifike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, iwe mteja amekulipa au hajakulipa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inatoza adhabu kwa kila mwezi, au sehemu ya mwezi, ambao ritani imechelewa. Hutozwa asilimia 2.5 ya kodi isiyolipwa au kiwango cha chini kilichowekwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Sheria ilipoanza, kiwango cha chini kilikuwa Sh75,000 kwa mtu binafsi na Sh225,000 kwa kampuni, na tangu hapo vimepandishwa. Maana yake, ritani moja ya kampuni iliyochelewa miezi minne ilikuwa Sh900,000 hata kama kodi yenyewe ni sifuri. Wenye biashara wengi hushtuka wanapofika hapo. Wanadhani pasipo na kodi ya kulipa hapana haja ya ritani. Juu yake kuna riba ya kodi iliyochelewa, nayo huzaana mwezi kwa mwezi. Hili linauma mfukoni, lakini ni deni, na deni lina namna zake za kuzungumzwa.

La pili ni kuandika pungufu, na hapa sheria ina mkono mzito zaidi. Taarifa isiyo ya kweli inayopunguza kodi hutozwa adhabu inayoanzia nusu ya kodi iliyopungua, na hupanda ikionekana aliyeandika alijua, au amerudia. Lakini sheria hiyo hiyo humpunguzia anayejitokeza mwenyewe kabla hajagunduliwa. Barua ya TRA imeshafika, hivyo sitakudanganya kwamba nafasi hiyo ipo kama ilivyokuwa Januari. Hata hivyo, wao wameomba kumbukumbu, hawajaandika bado kwamba wameona nini. Bado ipo tofauti kubwa kati ya mtu anayeleta hesabu halisi na maelezo yake na mtu anayeleta karatasi ambayo baadaye itaanguka.

Jambo la tatu ndilo lililokuja jioni ile ofisini, na ndilo ambalo bado halijatendeka. Orodha mpya. Yale mawili ya kwanza yaliyofanyika yalifanyika kabla yako. Hili la tatu litaanza na wewe, kwa jina lako, na sheria za kodi zinamtazama pia anayesaidia kosa. Meneja wa kampuni anaweza kudaiwa pamoja na kampuni, na kujitetea kwake ni kuonyesha kwamba alichukua tahadhari ambayo mtu makini angechukua. Sijui mtu ataonyeshaje tahadhari hiyo akiwa na orodha ya namna hiyo mkononi.

Tena naomba uliangalie hilo neno posho kwa jicho la taaluma yako. Ulisoma chuoni kwamba posho anayopewa mfanyakazi kwa ajira yake ni sehemu ya mapato ya ajira, isipokuwa chache zilizotajwa na sheria. Kuigeuza Sh320,000 ya Babu Fundi kuwa posho hakuiondoi kwenye PAYE. Yaani ami wako anakuomba mfanye jambo la hatari ambalo hata likikubaliwa kama lilivyo, hesabu haitoki. Je, analijua hilo? Mimi nahisi hajui. Nahisi mtu aliyekuwa akimfanyia hesabu alimwambia ndivyo watu wanavyofanya, naye akaamini kwa sababu kazi yake ni vyuma, si mafaili.

Sasa nikuulize machache, si kwa kukukosoa.

Umeniandikia kwamba ukikataa, gereji itafungwa. Nani amepiga hesabu hiyo? Sioni kwenye barua yako jumla ya deni. Naona hofu ya ami, na naona hofu yako juu ya hofu yake. Wewe ndiye mtu pekee katika nyumba hiyo anayeweza kukaa na daftari akasema: kodi halisi ya watu 14 kwa miaka miwili ni kiasi hiki, SDL ni kiasi hiki, ya NSSF ni kiasi hiki, adhabu na riba zinaweza kufika hapa. Inawezekana jumla ikawa kubwa ya kutisha. Inawezekana pia ikawa lori mbili, tatu za kazi. Mpaka leo mnaamua mambo ya maisha yenu kwa tarakimu ambayo hakuna aliyeiona. Na kwa mwajiri, kusema sikukata hakusaidii, maana asiyekata anadaiwa kama aliyekata. Ninyi mmekata. Salari slipu zipo.

Umesema pia mafundi watasaini kwa sababu wanamheshimu ami. Hilo linanisumbua kuliko mengine yote. Heshima yao kwake wameijenga kwa miaka, akiwalipa bila kuwakosesha, na sasa anataka kuitumia kuwafanya watie saini kwamba walipokea kitu ambacho si hicho. Watu 13 wakishasaini, siri hiyo haina mwenyewe tena. Siku mmoja wao atakapogombana na ami juu ya jambo jingine kabisa, karatasi hiyo itatoka. Na Babu Fundi akisaini kwamba mshahara wake ulikuwa 300,000, atakwenda kudai nini NSSF?

Hapo ndipo nisipokubaliana na namna ulivyoipanga barua yako. Umemweka Babu Fundi mwishoni, kama jambo la pembeni lililokuongezea huzuni. Mimi namwona katikati. Tuchukue tarakimu zako mwenyewe. Kodi iliyopunjwa kwa jina lake ni Sh27,600 kwa mwezi. Upande wa NSSF, yeye alikatwa 62,000 zikafika 30,000, na mwajiri alipaswa kuongeza 62,000 nyingine akaongeza 30,000. Pengo ni Sh64,000 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya ile ya TRA. Serikali itaishi bila 27,600 ya mzee mmoja. Yeye pensheni yake inakokotolewa kwa mshahara uliochangiwa na miezi iliyochangiwa, na ili aipate ya kila mwezi anahitaji angalau miezi 180. Wale sita ambao majina yao hayamo kabisa, miezi yao haihesabiki popote. Ami anasema hakuiba, na ninaamini kwamba moyoni mwake hajioni mwizi. Alizungusha fedha ili mishahara itoke. Lakini fedha aliyoizungusha ilikuwa imeshakatwa kwenye jasho la watu, na haikuwa yake kuizungusha. Ipo namna ya kumwambia hivyo kwa adabu. Pengine ni wewe tu unayeweza, kwa kuwa anajua humchukii.

Njia zako naona ni zaidi ya mbili. Tuziangalie, pamoja na miiba yake.

Kusaini unaweza. Sitajifanya kwamba haiwezekani kupita, watu wamepita. Utapata utulivu wa muda nyumbani, na mama atafurahi. Lakini jua kwamba kumbukumbu hizi zinatakiwa kutunzwa kwa miaka 5, benki ina rekodi za mishahara iliyotoka, na kila fundi ana salari slipu zake kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro. Utakuwa unasubiri kwa muda mrefu. Na kila ami atakapokuwa na shida ya namna hii, atajua nani wa kumwita.

Kwenda TRA peke yako pia unaweza. Ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na sitamwambia mtu aliyeona uovu anyamaze. Ila nimesoma barua yako mara kadhaa na sikuona mahali uliposema kwamba umemweleza ami ukweli wote akaukataa. Ulimwomba muda. Yeye bado hajasikia ukisema, “Ami, siwezi kusaini, na sababu ni hizi.” Kumpita bila kumwambia kutakuwa na gharama katika ukoo ambayo unaijua kuliko mimi. Ikiwa amesikia na bado anashikilia, mizani hiyo itabadilika, na hapo utaiangalia upya.

Kurudi Muheza. Ni njia halali, na usijione mwoga ukiichagua. Lakini ukienda kimya kimya, orodha itaandikwa na mtu mwingine, mafundi watasaini, na swali la Babu Fundi litabaki kwenye meza yako uliyoiacha. Ukiondoka, fikiria kumwachia ami hesabu halisi kwa maandishi, ubaki na nakala ya hayo uliyomwandikia, ili siku ikija isisemwe kwamba mhasibu aliondoka na siri.

Kuna kukataa na kubaki. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 37, haiitambui kuwa sababu halali ya kumfukuza mtu kule kukataa kwake kufanya jambo ambalo mwajiri hana haki ya kuliagiza. Anayefukuzwa kwa hilo ana siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimekutajia uijue, ingawa najua kwamba mwajiri wako anakaa kichwani pa meza siku ya Idi na hakuna tume inayosuluhisha hapo.

Na iko hii nyingine, ya kukaa upande wa ami bila kukaa upande wa ile orodha. Yaani unamwambia: saini yangu kwenye karatasi hiyo hutaipata, lakini mikono yangu unayo. Unapiga hesabu halisi. Mnatafuta mshauri wa kodi aliyesajiliwa, mtu asiye wa ukoo, akae na ami. Mnaiandikia TRA kuomba muda zaidi wa kuwasilisha nyaraka, jambo ambalo waajiri huomba kila siku, kisha mnapeleka ritani zilizokosekana na marekebisho ya zile pungufu pamoja na maelezo ya nini kilitokea. Kodi yenyewe inaweza kuombewa kulipwa kwa awamu. Riba na adhabu, Kamishna Mkuu ana mamlaka ya kusamehe akiona sababu ya msingi, na mikataba inayoonyesha wateja wakilipa baada ya miezi minne inaweza kuwa sehemu ya maelezo hayo, ijapokuwa haifuti kosa la kuandika pungufu. Wakileta makadirio mnayoona yamezidi, mna siku 30 za kuweka pingamizi, mkilipa kwanza theluthi moja ya kilichokadiriwa au kile msichokibishia, kilicho kikubwa kati ya hivyo. NSSF ni mlango mwingine, wanahitaji mazungumzo yao wenyewe. Msifikiri mkimalizana na TRA mmemalizana na Babu Fundi.

Miiba ya njia hii siifichi. Ami anaweza kukataa. Hesabu ikishawekwa mezani haiwezi kurudishwa ndani, na adhabu ya taarifa isiyo ya kweli inaweza kubaki hata mkijieleza vizuri. Huenda akauza tela, huenda kiwanja. Mwaka mmoja au miwili ya kubana. Na huenda mama akahisi ni wewe uliyeileta njaa nyumbani.

Ami anaweza pia kukwambia, tusubiri, Serikali huwa inasamehe. Mwaka 2018 ni kweli ulitolewa msamaha wa riba na adhabu, na wengi walipona. Lakini mkumbushe masharti yake: uliwafutia riba na adhabu wale walioomba wenyewe na kutamka madeni yao, na kodi ya msingi ilibaki palepale. Aliyekuwa na orodha ya uongo hakuwa na cha kuombea.

Kuhusu mama. Methali aliyokupa nzuri, na ninaiheshimu. Lakini nafikiri anaongea juu ya nyumba. Mwanamke aliyefiwa na mume akiwa na watoto wadogo, akapewa paa na shemeji, hasahau kamwe kwamba paa hilo si lake. Umemweleza nusu, naye amekujibu kwa nusu hiyo. Nashangaa angesema nini angesikia na habari za Babu Fundi, maana wajane wanajua kukatwa kitu kisichofika. Mkae, umweleze yote, umuulize waziwazi: unaogopa tutatolewa Makorora? Kisha msikilize. Je, ami ameshawahi hata kwa mzaha kuitaja nyumba ile kama malipo? Kutokana na ulivyoandika, hajawahi. Aliuliza nani atamtazama mama yako. Ninyi mmesikia tishio. Inawezekana lilikuwa swali la mtu mwenye hofu kama ninyi.

Jambo moja dogo ambalo halisubiri uamuzi wowote: mwonyeshe Babu Fundi namna ya kuangalia michango yake mwenyewe, kwa simu au kwenye ofisi ya NSSF pale mjini. Ni haki yake, hahitaji ruhusa ya mtu. Ila kama utaona ni heri ami ajue kwanza kwamba mzee ataangalia, mwambie ami kwanza. Atakasirika, au atakaa kimya kama alivyokaa siku ya barua. Kimya hicho usikiogope sana. Mtu aliyenyamaza siku nzima kabla ya kutafuta uongo ni mtu ambaye uongo haumjii kirahisi.

Kabla ya kumkabili, andika ukurasa mmoja. Jina la kila mfanyakazi, mshahara wake halisi, kilichokatwa, kilichopelekwa, pengo. Usiweke neno la lawama hata moja. Mpelekee wakati gereji imefungwa na mafundi wameondoka, si mbele ya mtu. Umwombe asome hadi mwisho kabla hajasema. Ukurasa huo ukiuandika, na wewe mwenyewe utajua unasimama wapi, pengine kabla yake.

Msalimie mama. Na ukipata nafasi niandikie, uniambie jumla ilikuja ngapi.

Shangazi yako